Mwenzetu Aliyeugua Akili na Arudi Kazini



Sisi wa gengi la njia tunalo neno. Mwenzetu mmoja alishikwa na ugonjwa wa skizofrenia, akawa anasikia sauti zisizokuwapo. Alilazwa, akapewa dawa, sasa ametulia. Lakini aliporudi, wengi wetu tulikataa kula naye, na nyapara akataka aondolewe. Tuseme kweli: hatukufanya vema.

Ugonjwa huu si laana wala kurogwa. Ni ugonjwa wa ubongo, nao una dawa. Lakini dawa hutuliza sauti tu. Haimpi mtu kazi, wala rafiki, wala heshima ya kupokea mshahara.

Sikilizeni habari za New York, Marekani. Watu waliotoka hospitali ya wagonjwa wa akili walikutana wakasaidiana, na mwaka 1948 ikaanzishwa nyumba iitwayo Fountain House. Humo hawaitwi wagonjwa, huitwa wanachama, kama sisi. Hupika na kufanya kazi za ofisi bega kwa bega na watumishi. Kisha hutafutiwa kazi za mshahara nje, wapate kuzoea tena. Nyumba za namna hiyo zimeenea nchi nyingi.

Zamani mgonjwa alifundishwa muda mrefu kwanza, ndipo atafutiwe kazi. Tangu miaka ya 1990 imejaribiwa njia nyingine: anayetaka kazi apewe kazi ya kweli mapema, na msaidizi aendelee kumwangalia akiwa kazini. Ilipopimwa, waliosaidiwa hivyo walipata kazi wengi kuliko wale wa njia ya zamani.

Na hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa hali yake ya akili.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, chama kimsimamie mwenzetu asifukuzwe, apewe na ruhusa siku ya kliniki. Pili, kwa kuwa dawa nyingine huleta usingizi, asiwekwe zamu ya usiku wala kulinda njia peke yake mpaka daktari akubali. Tatu, hili ni letu sisi: tumwite kwa jina lake, tule naye sahani moja.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Leo ni yeye, kesho huenda ni mmoja wetu. Chama kinachomwacha mgonjwa wake si chama.