Babu wa babu yako aliitwa nani?



Katika misiba yetu ya mjini kuna saa moja ambayo sote tunaifahamu. Ni usiku wa kuamkia mazishi, watu wamekaa kwenye viti vya kukodi, mara mtu anatoka ndani na karatasi mkononi na kuuliza: jamani, marehemu alizaliwa mwaka gani? Kimya. Mmoja anasema 1941. Mwingine anakataa, anasema ni 1938, kwa sababu marehemu alikuwa mkubwa kwa shangazi. Na baba yake mzazi aliitwa nani? Alitoka kijiji gani? Mwishowe kijana mwenye mwandiko mzuri anaandika kinachoandikika, na kesho yake kinasomwa makaburini kwa sauti kubwa kama kweli tupu. Huo ndio wasifu wa marehemu. Kwa familia nyingi za mjini, hiyo ndiyo historia pekee ya ukoo iliyowahi kuandikwa, na aliyekuwa anajua majibu yote ndiye huyo anayekwenda kuzikwa.

Wapo watakaosema kutafuta habari za ukoo ni kazi ya watu wasio na shughuli. Mimi ningewaomba wamuulize mtu aliyefika Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi, akatakiwa kuleta muhtasari wa kikao cha ukoo, naye huo ukoo anaujua kwa kuusikia tu. Wamuulize anayeomba pasipoti, akadaiwa cheti cha kuzaliwa cha mzazi ambaye hakuwahi kuwa nacho. Au wawaulize wazee waliokwisha kupokea barua ya posa, mahari ikazungumzwa, tarehe ikapangwa, ndipo bibi mmoja kutoka kijijini akauliza swali dogo tu: "Hawa wenzetu ni wa ukoo gani?" Shughuli ikasimama.

Basi tuanzie wapi? Wengi hudhani mahali pa kuanzia ni ofisini, kwenye mafaili. Kwa maoni yangu huko ni kuanza kujenga nyumba kwa kuezeka paa. Anza na majina yako mwenyewe. Utaratibu wetu wa majina matatu ni hazina, kwani jina lako, la baba na la babu tayari ni vizazi vitatu. Lakini pia ni mtego. Jina la tatu halisimami mahali pamoja kama lile la Wazungu. Likifika kwa mjukuu limekwisha kudondoka. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, mmoja akiwa ameandikishwa shuleni kwa jina la babu na mwingine kwa jina la ukoo.

Tena si kila ukoo unapitia kwa baba. Waluguru, kwa mfano, kwa mila huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na hata ardhi ya ukoo ilifuata njia hiyo. Wamakonde, Wayao na Wamwera nao wana mila ya namna hiyo. Mluguru aliyezaliwa Kariakoo anabeba kwenye kitambulisho jina la baba, huku ukoo wake uko kwa mjomba wala hajui. Ndiyo maana nasema usiwaache akina mama. Andika jina la bibi mzaa baba na la bibi mzaa mama, na mama zao pia, kwa sababu hayo ndiyo yanayopotea kwanza. Wengi wetu tunawajua kwa jina la "Bibi" tu mpaka siku ya kuwazika.

Baada ya hapo nenda kwa wazee. Usiende na daftari la maswali kama karani wa sensa. Kaa, salimia, kula kilichopo. Omba ruhusa ya kurekodi. Simu hiyo uliyonayo mfukoni inatosha. Na usiulize mwaka. Mzee ukimwuliza mwaka atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize tukio. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, bibi, ulikuwa umeolewa? Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 ulikuwa na watoto wangapi? Vita ya Kagera mwaka 1978, mjomba alikuwa amekwisha kuoa? Atakwambia alikuwa bado hajavunja ungo, au alikuwa na mimba ya fulani, nawe utapiga hesabu mwenyewe. Kwa habari za wazazi wake, rudi nyuma zaidi. Ugogo iko njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu walihesabu umri kwayo. Kusini wapo waliohesabu kwa Maji Maji, ya 1905 hadi 1907.

Uliza na mahali. Hapa lazima tukumbuke Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Kijiji kilichoandikwa kwenye cheti cha baba yako huenda ni kile alichohamishiwa, na makaburi ya wazee yalibaki kwenye mahame, chini ya miembe, umbali wa saa kadhaa kwa miguu. Mwombe mtu akupeleke angali na nguvu za kutembea.

Kuna familia ambazo kazi hii kwao ni ngumu zaidi, nazo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Chukua Tanga. Mashamba ya katani yalikusanya watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, na watu walioletwa kwa mikataba wakaitwa manamba, kwa vile kila mmoja alikuwa na namba yake. Mkataba ulipokwisha wengine walirudi kwao. Wengine walioa hapohapo, wakasilimu au wakabatizwa, wakapata jina jipya. Wajukuu wao leo wanajiita watu wa Muheza au Korogwe, na si uongo. Lakini huko Songea au Kigoma yuko mama aliyekufa akisema mwanangu alipotelea pwani.

Mtu wa namna hiyo hutampata kwa jina la kwenye karatasi. Uliza mambo mengine. Alipokuwa mdogo mama yake alimwita nani? Alipokasirika alitukana kwa lugha gani? Alipokufa, nani walikuja kufanya utani msibani? Mtani hukumbuka mtu alikotoka hata watoto wake wakisahau. Na kama ukoo wenu bado unafanya tambiko, sikiliza majina yanavyotajwa moja baada ya jingine. Hiyo ni orodha ya mababu ambayo haikuandikwa.

Sasa ndipo karatasi zinapokuja. Fungua sanduku la nyumbani kwanza: stakabadhi za kodi, kadi ya kliniki, barua, picha. Halafu kanisa. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, Peramiho mwaka 1898, na daftari la ubatizo huonyesha wazazi na msimamizi. Kwa Wakatoliki hata ndoa ya baadaye huandikwa pembeni mwa jina. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam, na zile za Zanzibar ziko Kilimani. Humo yamo mafaili ya Wajerumani, kwa Kijerumani, na ya Waingereza. Lakini serikali hizo ziliandika zaidi juu ya machifu, kodi na kesi. Usitarajie kumkuta babu yako amekaa ndani ya faili akikusubiri, isipokuwa kama alikuwa jumbe au alimpiga jumbe.

Neno moja la tahadhari. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Si mbali. Wako wazee wanaojua nani katika ukoo alinunuliwa, nani alizaliwa nje ya ndoa, na wamechagua kunyamaza miaka yote hii kwa kulinda heshima ya watu walio hai. Mzee akisema "hayo tuyaache", yaache. Huenda mwakani akakuita mwenyewe, mkiwa wawili. Na ukiambiwa, usiyapeleke kwenye kundi la simu la familia usiku huohuo.

Mwezi wa Desemba wengi mtakwenda makwao. Chukueni zile picha za zamani, mkae na mzee, na nyuma ya kila picha mwandike majina kwa penseli, taratibu, maana wino wa kalamu hupenya upande wa pili. Andikeni pia jina la aliyewatajia na siku aliyowatajia.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.