Kura ya Shule

Huko Brighton, Uingereza, shule kadhaa za serikali ziligombewa sana. Aliyekaa karibu ndiye aliyetangulia kupewa nafasi. Basi wenye fedha walinunua nyumba jirani na shule, na maskini wakabaki mbali. Mwaka 2007 baraza la mji likakata shauri: nafasi zisipotosha, watoto wa eneo la shule wapigiwe kura. Wazazi wengi walikasirika, kana kwamba watoto wao wamechezewa kamari.

Lakini katika Matendo 1 mitume nao walipiga kura. Tuangalie vizuri: kwanza walitafuta waliostahili, wakapata wawili, ndipo kura ikamwangukia Mathiya. Yusufu Barsaba hakupungukiwa na kitu. Hapo kura ina haki, maana haiulizi mtu anakaa wapi wala mfukoni ana nini. (Nasi tunajua jinsi mfuko unavyofungua milango ya shule!)

Ila kura haiongezi dawati hata moja. Mtoto aliyekosa tusimwambie kwamba Mungu hakumtaka. Tumwulize baba yake: hiyo shule nyingine aliyopewa, ina walimu?