Kichomeo Kikubwa Kinanunua Muda, Si Nafuu

Msikilizaji wa Kiplombe unayetaka kupika bia ya kimea, tuseme leseni umeshapata, maana sheria ya vileo ya 2010 inaidai kwa kutengeneza kama inavyoidai kwa kuuza. Sasa, kabla hujanunua kichomeo kikubwa, tazama rangi ya moto wa hicho ulicho nacho. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, gesi inakosa hewa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na kichomeo kilichotengenezwa kwa hewa ya Mombasa hupata shida. Fungua tundu la hewa mpaka moto uwe wa buluu, kisha ukinge upepo. Mwinuko huohuo hufanya maji yachemke kwenye nyuzi 93 hivi, na yakishachemka, kuongeza moto ni kuongeza mvuke tu.

Utasema meko ya kilo 6 inachosha. Kweli. Lita 20 za maji ya nyuzi 20, kwa kichomeo cha kilowati 3 kinachopoteza nusu ya joto, huchukua zaidi ya saa moja. Cha kilowati 6, kama nusu saa. Lakini gesi itakayoungua ni ileile, robo kilo na ushei. Ukiamua kubadilisha, hamia mtungi wa kilo 13, kwa sababu mdogo ukifyonzwa kwa kasi hupoa hata ukaota barafu, na moto hufifia. Na regulata ya shinikizo la juu, ya kichomeo kikubwa, usiifunge kamwe kwenye jiko la kawaida. Pikia nje: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani hutanda sakafuni.