Sakafu Inayong'aa Hutaka Maji

Kikundi chetu kimetutuma tuje tuwaeleze jinsi tulivyojifunza kutengeneza sakafu ya saruji inayong'aa. Mara ya kwanza tuliharibu, kwa hiyo tutaanza na hapo tulipoharibu.

Mwenzetu mmoja, mama mjane anayelea wajukuu wanne, aliuza mahindi akanunua mifuko sita ya saruji. Alikuwa amechoka na funza. Vumbi la sakafu ya udongo ndiyo nyumba ya funza, na wajukuu wake walikuwa wanachechemea. Akatuambia, "Wanangu, nisaidieni." Chumba chenyewe kilikuwa mita 3 kwa mita 3.

Zege la chini lilitoka vizuri, likala mifuko mitatu. Mifuko mitatu iliyobaki ilikuwa ya tabaka la juu. Hapo ndipo tulipojifanya mafundi. Mchanga tulihesabu kwa kichwa, tukapotea hesabu. Maji tulimwaga mengi, mchanganyiko ukawa kama uji, maana uji ni rahisi kutandaza. Maji yakaelea juu. Tukanyunyiza saruji kavu ili iyanywe, tukasugua haraka haraka kwa mwiko. Jioni sakafu ikang'aa! Mama akatupikia chai, tukaenda zetu. Kesho yake jua lilikuwa kali, milango wazi, na hakuna aliyemwagia hata kopo moja la maji.

Baada ya wiki mbili sakafu ilipasuka kama tope la bwawa lililokauka. Niru ikabanduka kama magamba ya samaki. Mama hakutugombeza. Alisema tu, "Basi." Neno hilo lilituuma kuliko matusi.

Tulichanga mifuko mitatu mingine, tukamwomba fundi mmoja mzee atufundishe. Kwanza alitubandulisha tabaka lote bovu, tukasugua zege kwa brashi na maji mpaka likatakata. Kisha akachukua mkaa, akaandika ukutani: 1:4. Akauliza, "Nani anasoma?" Tukasoma sote. Maana yake karai 1 la saruji kwa makarai 4 ya mchanga. Kila karai tulipiga mstari ukutani, na safari hii hesabu haikupotea.

Mchanga usiwe na udongo. Usugue viganjani, ukikuachia tope, uoshe kwanza. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Finya konzi moja: ikishikamana kama tonge bila kudondosha maji, inatosha.

Zege la chini tulililowesha, tukalipaka uji mzito wa saruji ili tabaka jipya lishike. Tukatandaza unene wa sentimita 3, tukasawazisha kwa ubao ulionyooka. Tulianzia pembe ya mbali tukamalizia mlangoni. (Mwenzetu mmoja alianza kinyume, ikabidi atolewe kwa dirisha.)

Halafu tukangoja. Fundi alikaa akanywa chai, sisi mikono inatuwasha! Alikuwa anangoja tabaka lianze kushika: ukibonyeza kidole kiache alama, lakini maji yasipande. Ndipo tukapaka niru, yaani saruji na maji tu, nyembamba sana, tukaikandamiza kwa mwiko wa chuma. Tukapumzika, tukarudia. Mara tatu. Kila mara ilizidi kulainika. Ukitaka nyekundu, unga wa rangi huchanganywa na saruji kavu kabla ya maji, kwa kipimo kimoja chumba kizima, la sivyo itatoka mabaka.

Kesho yake tulitandika magunia, tukayamwagia maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Majirani walicheka, eti tunaotesha mpunga ndani ya nyumba. Lakini saruji haikauki kama udongo. Inaungana na maji ndiyo ikawa ngumu. Maji yakitoroka mapema, inabaki dhaifu, na niru yako hubanduka. Ugumu huo huendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa. Siku zote 7 mama alilala kwa jirani.

Polishi tulipaka baada ya wiki nne, sakafu ikiwa safi na kavu kabisa. Paka kidogo kwa kitambaa, ingoje ikauke, ndipo usugue kwa kipande cha blanketi kuukuu. Usipake nyingi kwa tamaa ya kung'aa. Sisi tulizidisha mlangoni, mama akateleza. Bahati alishika mlango. Na pale panapomwagika maji, usipake kabisa.

Jambo jingine ni mikono. Saruji mbichi inaunguza ngozi. Wenzetu wawili walitoka vidonda vidoleni. Vaeni glovu za mpira na mabuti, na ikiwarukia nawieni mara moja kwa maji mengi. Pakiwa na kinundu kilichokwisha kugumu, kisugueni kwa jiwe na maji, wala si kikavu. Vumbi lake likizoeleka kifuani huharibu mapafu.

Mama sasa anapiga deki kila asubuhi. Nyufa hatujaziona, na ule mstari wa makarai hataki tuupake chokaa.

Kesho tunaanza chumba cha pili nyumbani kwake. Anayetaka kujifunza aje saa moja asubuhi na gunia tupu na ndoo. Maji tutachota pamoja.