Kwa kuuliza, mbunge mmoja anatosha

Hotuba tuliyotoa mbele ya vijana wa makartye. Tunaiweka hapa juu ya wale hawakuweza kufika.

Tunajua kuna waliosimamisha pikipiki, kuna waliofunga meza ya biashara kabla ya saa. Basi tusipoteze wakati.

Leo tunasema juu ya mambo mawili ambayo watu wanatenganishaka, lakini kwetu ni moja. La kwanza: nani anaangalia franga za leta wakati leta inajenga? La pili: nani anaangalia mahali sisi raia tunajenga?

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 mwezi wa 12 mwaka 2022, mvua ilinyesha Kinshasa. Watu zaidi ya 100 walikufa. Huko Mont-Ngafula barabara ya taifa namba 1 ilikatika, ile inayoleta chakula kutoka Matadi. Kila mara wanatuambiaka ni mvua. Mvua ilinyesha kweli. Lakini mvua haigawanyi parseli. Mvua haitie muhuri kwenye karatasi ya mtu anayejenga ndani ya korongo. Mvua haipokee franga za kujenga mfereji halafu mfereji usionekane.

Sheria haikosekani. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo wote ni mali ya leta. Dekreti ya urbanisme ni ya mwaka 1957, wakati wa Wabeleji. Maana yake, ruhusa ya kujenga si kitu cha jana. Lakini sisi wote tunajua vile inaendaka. Unalipa kwa mkubwa wa kartye, unalipa komini, unalipa kadastre, unapata karatasi. Mwaka kesho mwingine anakuja na karatasi yake, parseli ni ile ile. Siku leta inaamka, inaleta mashini kubomoa. Nyumba ya mama inaanguka. Na yule aliyetia sahihi? Yuko ofisini, anatia sahihi ingine.

Hatusemi watu wajenge popote. Mahali pa hatari ni pa hatari, na kuhama kunaweza kuokoa maisha. Tunasema hivi: kama mwenye nyumba anaadhibiwa, mwenye muhuri naye ajibu.

Sasa, nani ana kazi ya kumuuliza? Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu 100, inapatia Bunge kazi mbili. Ya kwanza ni kupiga kura juu ya sheria. Ya pili ni kuchunga serikali, makampuni ya leta na huduma za leta. Kuchunga! Kila mtoto wa kijijini anajua mchungaji ni nani. Kama ng'ombe wamepotea, mchungaji haulizi wengine ng'ombe wako wapi. Ni yeye wanamuuliza.

Na hawakumwacha mikono mitupu. Kifungu 138 kinampatia fimbo: swali la mdomo ao la kuandika, swali juu ya mambo ya sasa, kumwita waziri ajieleze mbele ya wote, tume ya uchunguzi, na kusikiliza watu ndani ya kamati. Kila mwaka serikali inapaswa kuleta mradi wa bajeti kabla tarehe 15 mwezi wa 9 haijapita. Na Korti ya Hesabu inapaswa kuleta Bungeni hesabu za mwaka uliopita pamoja na maoni yake. Kwa hiyo Bunge linaona franga mara mbili: wakati zinaahidiwa, na kisha kutumika.

Lakini sisi tunasikiaka habari za ujenzi wapi? Kortini, wakati maji yamekwisha kumwagika. Mwaka 2020 tulifuata kwenye televisheni kesi ya nyumba za programu ya siku 100. Vital Kamerhe, aliyekuwa mkubwa wa kabineti ya Rais, alihukumiwa miaka 20. Mwaka 2022 korti ikamwachilia huru. Mwaka 2025 ikaja kesi ya gereza la Kisangani, dola zaidi ya milioni 19. Hapo Bunge liliruhusu waziri wa sheria, Constant Mutamba, afuatiliwe, na mwezi wa 9 Korti ya Kasasio ikamhukumu miaka 3.

Muone tofauti. Korti inajibu swali moja: nani ana kosa? Haijengi nyumba. Haijengi gereza. Mswali mengine yalipaswa kuulizwa kabla dola moja haijatoka: mkataba ulipita njia gani? Kulikuwa zabuni ya wazi, ao watu walipatana tu wenyewe kwa wenyewe? Nani alikwenda kuangalia kiwanja? Sheria ya masoko ya leta iko tangu mwaka 2010. Kuuliza kama imefuatwa ni kazi ya mbunge, na kazi hiyo haingoje mtu akamatwe.

Tunajua mutasema: "Wabunge wengi ni wa upande wa serikali. Watamuuliza nani?" Ni kweli, na hatutawadanganya. Lakini muangalie hesabu. Kuangusha serikali nzima, mosioni inaomba sahihi za robo ya wabunge: kwa viti 500, ni 125. Kwa waziri mmoja, inaomba sehemu moja ya kumi: ni 50. Hizo ni nyingi, tunakubali. Lakini kumwandikia waziri swali kunaomba wangapi? Mmoja. Mbunge mmoja, kalamu moja, ukurasa mmoja.

Kwa hiyo mbunge wa mji wetu akituambia "sina nguvu, majoritee iko upande ule", tumjibu kwa heshima: mheshimiwa, hatukukutuma uangushe serikali peke yako. Tulikutuma uulize. Kunyamaza kwako hakutoki kwa majoritee. Kunatoka kwako.

Na si Kinshasa tu. Bunge la jimbo linachunga gavana na mawaziri wake. Komini zilizochagua washauri mwaka 2023 nazo zina watu wa kuulizwa. Mfereji wa kartye, soko, shule inayovuja: tuanzie kwao.

Basi tutafanya nini?

Kwanza, kila kikundi cha kartye kichague jengo moja la leta, lililosimama nusu ao lililobaki kwenye kibao tu. Moja, si kumi. Pigeni picha, andikeni tarehe, andikeni vile kibao kinasema.

Pili, tuandike maswali matatu. Franga ngapi ziliandikwa kwenye bajeti, na ngapi zilitoka kweli? Nani alipata kazi, na kwa njia gani? Nani alitia sahihi kwamba mahali hapo panafaa kujengwa, na nani alikuja kukagua?

Tatu, tuyapeleke kwa mbunge mkononi. Vikao vya kawaida ni viwili: tarehe 15 mwezi wa 3 mpaka tarehe 15 mwezi wa 6, na tarehe 15 mwezi wa 9 mpaka tarehe 15 mwezi wa 12. Katikati yake wanakujaka nyumbani kupumzika. Tuende tuwasalimie, na barua mkononi, na kopi ya kutiwa muhuri ya kupokelewa.

Nne, wakinyamaza, kuna kifungu 27 cha Katiba. Kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka ombi la raia, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kufuatiliwa juu ya kuandika ombi hilo. Mushike namba ile vizuri: 27. Siku askari anakuuliza nani amekutuma, mutajie.

Hatuombi mbunge atulipie matanga, wala vitenge, wala bia ya kampeni. Hizo ndizo bei walizotuzoesha kulipwa juu ya kunyamaza kwao. Tunaomba swali moja kwa waziri, kwa maandishi, lenye namba na tarehe, na jibu lake lisomwe hapa kwetu kwa sauti.

Kabla ya kuachana, kila kikundi kituachie jina la jengo kilichochagua. Tunaanza kuandika leo.