Fedha Iliyookotwa Ina Mwenyewe



Yako maneno yatamkwayo upesi sana mtu akutapo fedha njiani: "Sikuiba, nimeokota." Maneno haya yaweza kuwa kweli, lakini si jibu. Aliyeokota haulizwi kama aliiba. Aulizwa fedha ile ni ya nani, na amefanya juhudi gani kumtafuta mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kisiwa cha Funzi, upande wa Msambweni katika Kwale. Kazi kubwa ya wenyeji wake ni uvuvi, na msafiri atokaye bara huvuka kwa mashua kutoka Bodo. Tuseme mama mmoja mchuuzi wa samaki anashuka mashuani asubuhi, na katika kuteremsha vikapu vyake kibindo kinalegea; kitita cha shilingi 6,000, kilichofungwa katika kipande cha kanga, kinaanguka mchangani. Nyuma yake yuaja kijana mvuvi. Ni majira ya kusi, bahari imechafuka, siku nne hakupata kitu, na deni la dukani lamngoja. Anakiona kitita, anakiokota, anatazama kulia na kushoto: hapana mtu.

Kutamani kwa kijana huyu si ajabu, maana shida haina adabu. Lakini aliyeokota huona fedha tu. Haoni kazi iliyokuwa ikiingojea fedha ile. Shilingi hizo ndizo mtaji wa yule mama. Akizikosa, kesho hatanunua samaki, na mvuvi aliyezoea kumwuzia atakosa mnunuzi. Pengine sehemu ya fedha hizo si yake hata kidogo, bali amepewa na jirani amnunulie dawa. Basi jambo ambalo kijana aliona ni bahati ya mtu mmoja laweza kuwa msiba wa nyumba tatu.

Sheria yasemaje? Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chaeleza kwamba mtu aliyeokota kitu kilichopotea, kisha akakifanya chake, hahesabiwi kuwa na nia ya wizi ikiwa wakati ule hamjui mwenyewe, na tena anaamini, kwa sababu zinazokubalika na akili, kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Masharti ni mawili, wala moja halitoshi bila ya lingine. Mtu akiokota noti moja katika msongamano wa watu kwenye kivuko cha Likoni, yaweza kuaminika kwamba mwenyewe hajulikani wala hapatikani. Lakini abiria wa mashua ya Bodo huhesabika, na nahodha awajua wote kwa majina. Kijana wa Funzi atasemaje kwamba mwenyewe hapatikani, naye hakuuliza hata mtu mmoja? Asiyeuliza kwa makusudi hana haki ya kusema, "Sikujua."

Dini nazo zafuata njia hiyo hiyo. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad alipoulizwa juu ya mali iliyookotwa aliagiza kwamba mwenye kuiokota autambue vema mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha aitangaze kwa mwaka mmoja. Mwenyewe asipotokea, aliyeokota aweza kuitumia. Lakini mwenyewe akija baadaye, yampasa kumlipa. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yakataza mtu kujifanya hakuona mnyama au nguo iliyompotea ndugu yake. Na ikiwa mwenyewe yu mbali, kitu chake kitunzwe mpaka aje kukitafuta.

Basi aliyeokota afanye nini? Kwanza, azihesabu fedha mbele ya mtu mwaminifu, ili pasiwe na maneno baadaye. Pili, atangaze kwamba ameokota fedha, lakini asitaje kiasi chake wala namna zilivyofungwa. Akitaja yote, watatokea wenyewe kumi. Akificha alama, mwenyewe wa kweli ndiye atakayezitaja. Tatu, aulize mahali ambapo mwenye kupoteza atapita: kwa nahodha, dukani, na nje ya msikiti watu watokapo kusali. Nne, asipopatikana mtu, fedha zipelekwe kwa chifu au polisi, na mwenye kuzipeleka aombe maandishi ya kuonyesha kiasi na siku.

Labda mtu atasema, "Nikizipeleka huko, ataziiba mwingine mkubwa kuliko mimi." Hofu hiyo haikosi sababu, na dawa yake ni shahidi na karatasi. Lakini hofu ya wizi wa mwingine haimpi mtu ruhusa ya kuwa mwizi yeye.

Na kiokosi je, yaani ile zawadi ya mwenye kuokota? Mwenyewe akitoa kwa moyo wake, ni jambo jema, na kuipokea si aibu. Lakini kukataa kurudisha mpaka zawadi itolewe ni kumwuzia mtu mali yake mwenyewe.

Siku hizi fedha hupotea hata bila ya kuanguka chini. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, mtu aweza kukosea tarakimu moja tu, na fedha zake zikaingia katika simu ya mgeni. Hapa udhuru ni mdogo zaidi, kwa sababu ujumbe huja na jina la aliyetuma. Apokeaye fedha asizozijua asizitoe haraka, maana zikiisha kutolewa ni vigumu kurudishwa. Lakini naye awe macho: wako walaghai watumao ujumbe wa uongo na kuomba "warudishiwe." Kwanza atazame salio lake, zikiwa zimeingia kweli, aziache zirudishwe kwa njia ya kampuni yenyewe.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tuseme ameuliza, mama amepatikana, ametaja kanga na kiasi, akapewa fedha zake. Jioni deni la dukani lingaliko, uaminifu haukulilipa. Lakini katika kisiwa ambako watu huishi kwa kukopeshana mtaji, nyavu na mashua, mtu asiye na kitu hukopeshwa kwa jina lake tu. Jina hilo kijana analo bado. Na siku kitita chake yeye kitakapoanguka katika mchanga ule ule, atamwomba Mungu kiokotwe na mtu atakayeuliza.