Kusoma Nyuma ya Mfuko: Lebo za Chakula cha Mbwa na Paka Katika Soko la Tunduma

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wauzaji wa pembejeo za mifugo, wafugaji na wamiliki wa mbwa wa ulinzi, Tunduma, Mkoa wa Songwe



Mji wetu unalindwa na mbwa. Penye ghala la mahindi, yadi ya malori au duka la jumla, kuanzia Mpemba hadi mpakani, pana mbwa. Zamani tuliwalisha makombo, ugali wa pumba na dagaa. Siku hizi wenye mali wengi wananunua chakula cha madukani, na kwa kuwa tumekaa kwenye lango la kusini mwa Afrika, mifuko inatufikia kwa barabara ileile ya TANZAM inayoleta kila kitu kingine. Ndiyo maana mkononi mwa mnunuzi wa Tunduma unaweza kukuta mfuko wa Afrika Kusini, wa Zambia, wa Ulaya na wa hapa nchini, na kila mmoja una namna yake ya kuandika mambo.

Ninalotaka kuwashawishi leo ni jambo moja. Lebo ni haki ya anayenunua kilo moja sawasawa na anayenunua mfuko mzima. Sokoni kwetu haki hiyo inapotea pale mfuko unapofunguliwa. Chakula kinamiminwa kwenye ndoo, kinapimwa kwa sado au kwa mizani, mteja anaondoka na mfuko mbadala usio na maandishi hata herufi moja. Tarehe ya mwisho, namba ya toleo, jina la mtengenezaji na umri wa mnyama aliyekusudiwa, vyote vimebaki dukani, na mara nyingi mfuko mtupu umeshageuzwa kifungashio cha mkaa. Kwa hiyo, ninapoeleza namna ya kusoma lebo, nazungumza na muuzaji kwanza, kisha na mnunuzi.

Tuanze na upande wa mbele, maana tutauacha haraka. Picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa na kipande cha nyama nyekundu haikuambii kilichomo. Hata maneno makubwa yana hesabu yake. Kwa kanuni za Marekani, chakula kikiitwa kwa jina la kuku peke yake, kuku anatakiwa awe asilimia 95 ya viungo bila kuhesabu maji ya kuchanganyia. Kikiitwa mlo wa kuku, inatosha asilimia 25. Kikiandikwa "with chicken", yaani kina kuku ndani yake, asilimia 3 inatosha. Kikiandikwa kina ladha ya kuku, hakuna kiwango kabisa, mradi ladha yake iweze kutambulika. Ulaya kwa yale maneno ya "kina kuku" wanadai asilimia 4. Mifuko minne yenye picha ileile ya kuku inaweza kutofautiana kwa kiasi hicho.

Sasa geuza mfuko. Nyuma, au ubavuni, kuna jedwali la virutubisho, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Mifuko ya Afrika Kusini huandika kwa gramu katika kilo: protini 180 g/kg, unyevu 100 g/kg. Mifuko ya Marekani na Ulaya huandika kwa asilimia: protini 18%. Namba hizo mbili za protini ni kitu kimoja, maana gramu 180 ndani ya gramu 1,000 ndiyo asilimia 18. Mteja asiyejua hilo anaona 180 upande huu na 22 upande ule, anaamini wa kwanza una nguvu mara nane, kumbe wa pili ndio wenye protini zaidi. Ukikuta g/kg, gawanya kwa kumi, basi. Muuzaji akilieleza hilo mara moja kwa mteja, mteja halisahau.

Jambo la pili katika jedwali hilo ni "min" na "max". Protini na mafuta huandikwa kiwango cha chini: mtengenezaji anaahidi hakitapungua hapo. Unyevu, nyuzinyuzi na majivu huandikwa kiwango cha juu: anaahidi hakitazidi hapo. Nyuzinyuzi zikiwa juu sana, fahamu kuna pumba au maganda mengi. Majivu ni kile kinachobaki chakula kikichomwa hadi kiishe, yaani madini, mifupa, na mchanga pia. Wanaotengeneza chakula cha nyumbani kwa dagaa aliyeanikwa mchangani wanajua ninachosema: dagaa yule ana majivu mengi, na sehemu ya majivu hayo haina faida yoyote kwa mnyama.

La tatu ni maji. Chakula cha kopo cha paka kinaweza kuandikwa protini asilimia 8 na unyevu asilimia 80. Chakula kikavu kinaweza kuandikwa protini 18 na unyevu 10. Ukilinganisha 8 na 18 hivihivi umekosea, kwa sababu kopo limejaa maji. Ondoa maji kwanza. Kopo lina asilimia 20 tu ya kitu kikavu, na 8 katika 20 ni asilimia 40. Kile kikavu kina asilimia 90 ya kitu kikavu, na 18 katika 90 ni asilimia 20. Kwa hiyo, maji yakiondolewa, kopo ndilo lenye protini mara mbili. Kiwango cha chini kinachotumika Marekani, maji yakiwa yameondolewa, ni asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto wa mbwa, na kwa paka ni 26 na 30. Paka si mbwa mdogo. Anahitaji pia taurini, ambayo mwili wake hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba kuikosa kunamletea ugonjwa wa moyo. Anayemlisha paka chakula cha mbwa mwaka mzima kwa sababu ni rahisi, anamdhuru bila kujua.

Nisiache mtu aondoke akidhani namba ya protini ni ushahidi kamili. Maabara haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25. Kwa njia hiyo manyoya yaliyosagwa nayo yanahesabika kuwa protini, ingawa mbwa hawezi kuyameng'enya vizuri yasipopikwa kwa mvuke wa nguvu. Mwaka 2007 udanganyifu unaotumia mwanya huo ulijulikana duniani kote: gluteni ya ngano kutoka China ilitiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili ionekane ina protini. Kampuni ya Menu Foods ya Kanada ililazimika kuondoa sokoni makopo na pakiti zaidi ya milioni 60, na mbwa na paka wengi walikufa kwa figo kuharibika. Mezani kwa mkaguzi, namba za protini zilikuwa nzuri tu.

Ndiyo maana orodha ya viungo isomwe pamoja na jedwali. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, kwa jinsi vilivyopimwa wakati wa kuchanganya. Kuku mbichi akitajwa wa kwanza, kumbuka sehemu kubwa ya uzito wake ni maji yatakayokauka kiwandani. Angalia pia mahindi yaliyogawanywa: mahindi, kisha gluteni ya mahindi, kisha pumba za mahindi, kila moja kwenye nafasi yake. Ukiyajumlisha, huenda mahindi ndiyo yanayoongoza. Kwa ndugu zetu Waislamu, maneno ya jumla kama "nyama na mazao ya wanyama" bila kutaja mnyama gani ni sababu ya kutosha kumuuliza muuzaji kabla ya kukishika chakula hicho.

Nimekuja kwenye hatari iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni mahindi yenyewe. Songwe ni mkoa wa mahindi. Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na wafanyabiashara wa hapa wanalikumbuka zuio hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu huenda na pumba na kiini, na pumba ndizo tunazowapikia mbwa. Kuzichemsha hakuiondoi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi: anakataa chakula, anatapika, fizi na macho yanakuwa ya njano, ini limekufa. Hata viwanda vikubwa havijasalimika. Mwishoni mwa 2020 nchini Marekani chakula cha chapa ya Sportmix kilianza kuondolewa sokoni kwa sumukuvu, na baadaye taarifa za mbwa waliokufa zikazidi 100.

Pale Marekani waliweza kuwaambia watu waache kulisha kwa sababu kila mfuko ulikuwa na namba ya toleo. Ile mistari midogo iliyogongwa kwa wino karibu na mshono wa mfuko, ambayo hakuna anayeisoma, ndiyo pekee inayotenganisha mfuko mzuri na mbaya wa chapa moja. Ukiuza kwa kupima bila kuitunza, siku taarifa ikitoka hutajua kama uliuza sumu wala uliwauzia nani.

Kuna jambo jingine ninaloliona mara kwa mara na linanihuzunisha. Chakula cha mbwa kikipanda bei, mtu anachukua chakula cha kuku wa nyama, kile cha stata au finisha, anampikia mbwa au kumwagia punda. Soma lebo ya chakula hicho. Vingi vimetiwa dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuku kuhara damu, na majina utakayoyaona yameandikwa ni monensin au salinomycin. Kwa kuku dawa hizo ni salama kwa kiwango chake. Kwa mbwa zinaweza kulegeza miguu, na kwa jamii ya farasi na punda kiasi kidogo tu huharibu moyo na kuua. Uholanzi mwaka 1996 mamia ya paka walipooza kwa sababu salinomycin iliingia kwenye chakula chao kiwandani. Mfugaji wa Momba anayetegemea punda kubebea mazao ana sababu ya kuogopa mstari huo mmoja.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Tunayo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010, tunayo TBS kwa viwango, na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, yenye makao makuu Temeke na kituo Iringa. Mifuko ya Afrika Kusini iliyosajiliwa kwao huwa na namba inayoanza na V ikifuatiwa na maneno "Act 36 of 1947". Namba hiyo inathibitisha usajili wa kule tu. Kwetu mzigo bado unahitaji kibali na ukaguzi mpakani. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na mfuko uliopita humo una karatasi. Uliovushwa kwa baiskeli usiku hauna.

Tarehe nayo ina mtego. 04/09 kwa Mmarekani ni tarehe 9 Aprili, kwetu ni 4 Septemba. Tafuta tarehe nyingine kwenye mfuko uone mpangilio wao kabla ya kukata shauri. Na tarehe ya mwisho inahusu mfuko uliofungwa. Ukishafunguliwa, mafuta yanaanza kuharibika na unyevu unaingia, hasa masika.

Kisha pigeni hesabu ya bei kwa siku, si kwa mfuko. Mbwa wa kilo 25 hula takribani gramu 350 za chakula kikavu cha wastani kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 10 unatosha kama siku 28. Kilicho hafifu kinaonekana nafuu, lakini jedwali la ulishaji linakudai gramu nyingi zaidi, na mfuko unaisha mapema. Na kama lebo inasema "complementary", hicho ni kitoweo cha kuongezea, hakitoshi kuwa mlo. Kinachotosha peke yake huandikwa "complete".

Ninachoomba kwa wenye maduka hakihitaji mtaji. Msimimine chakula kwenye ndoo. Uzeni kutoka ndani ya mfuko wake, mdomo ukikunjwa na kubanwa kila baada ya kupima. Piga picha ya nyuma ya mfuko kwa simu, umtumie mteja anayenunua kwa kilo, au mwandikie kwenye karatasi vitu vinne: jina, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na kundi la mnyama. Mfuko ukiisha, kata kipande chenye namba ya toleo na ukitunze kwenye daftari la mauzo kwa miezi mitatu. Mnunuzi naye, mbwa wake akikataa chakula au akitapika siku mbili mfululizo, asimwage kilichobaki. Aweke kiasi cha nusu kilo kwenye chombo kikavu kilichofunikwa, pamoja na karatasi yake, na amuone daktari wa mifugo wa halmashauri, kwa sababu maabara haiwezi kupima chakula kilichokwisha kutupwa.